Punda Anasema, Tumsome



Umekwisha jifunza kusoma herufi. Unajua kwamba alama ndogo iliyoandikwa katika karatasi inaweza kubeba neno, na neno likabeba habari. Leo nataka tusome kitu kingine ambacho hakikuandikwa kwa wino. Nataka tusome mwili wa punda.

Pengine utacheka. Utasema, "Punda naye asomwe?" Cheka kwanza, kisha unisikilize. Punda husema kila siku, tangu asubuhi anapotolewa bomani mpaka jioni anaporudi. Husema kwa masikio, kwa mkia, kwa shingo na kwa miguu. Sisi ndio tusiojua kusoma, na kwa kuwa hatujui kusoma, tunatumia fimbo. Maoni yangu ni haya: fimbo nyingi anazopigwa punda hutokana na ujinga wetu, wala si ukaidi wake.

Mimi ni Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, si mganga wa mifugo. Lakini kusoma ni kazi yangu. Ndiyo maana naandika.

PUNDA NI NANI HAPA OLBALBAL

Olbalbal iko bondeni, mahali ambapo maji ya korongo la Oldupai huishia wakati wa mvua. Mvua zikipita, nchi hubaki vumbi na upepo. Maji huwa mbali. Nani huyafuata? Huyafuata mama, pamoja na watoto wake na punda wake.

Fanya hesabu kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu la lita 20 lina kilo 20, mbali na uzito wa dumu lenyewe. Punda anaweza kuleta madumu mawili bila taabu kubwa. Mama asiye na punda huleta dumu moja mgongoni, kisha hurudi tena kisimani. Unga nao, kwa kuwa hapa hatulimi, hununuliwa na kubebwa. Boma linapohama, vyombo na ngozi za kulalia hupakiwa juu ya punda. Huko Karatu punda huvuta mikokoteni na kubeba mavuno kutoka mashambani.

Pamoja na hayo, sikiliza mikutano yetu. Ng'ombe hutajwa. Ng'ombe huhesabiwa, huogeshwa na kuchanjwa. Punda hukumbukwa wakati wa kufunga mzigo tu. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe ni mali inayompa mzee heshima, lakini punda ni msaidizi wa mama na mtoto. Mkutanoni punda hana msemaji, kama mama alivyokuwa hana msemaji katika mikutano ya zamani.

METHALI MBILI ZA KUPIMA

Wazee wetu wametuachia methali nyingi zenye hekima. Lakini methali nayo yafaa kupimwa.

Ya kwanza yasema: Shukrani ya punda ni mateke. Hebu mtazame punda vizuri kabla hajapiga teke. Kwanza hulaza masikio nyuma. Usipojali, hutikisa mkia kwa nguvu na kukaza shingo. Usipojali bado, hukugeuzia makalio. Kisha huinua mguu mmoja, kama mtu anayeonya. Mwisho ndipo hupiga. Basi teke si neno la kwanza la punda. Ni neno la mwisho, baada ya manne ambayo hakuna aliyeyasoma.

Ya pili yasema: Punda afe, mzigo ufike. Haya, punda amekufa na mzigo wa leo umefika. Mzigo wa kesho utabebwa na nani? Punda jike huchukua mimba karibu miezi 12, naye aghalabu huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hafai kupakiwa mizigo mpaka afikishe miaka mitatu au minne, mifupa yake ikiwa imekomaa. Hesabu mwenyewe. Ni miaka minne au mitano ya mama kubeba dumu mgongoni.

Wala usifikiri utakwenda mnadani kumnunua mwingine kwa urahisi. Katika miaka ya karibuni ngozi za punda zimetafutwa sana kupelekwa China, ambako huchemshwa kutengenezea dawa za kienyeji. Punda wengi wa Afrika wamechinjwa kwa ajili hiyo, na wengine wameibwa. Jambo hili lilikuwa kubwa hata mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda uliye naye ni mali. Mtunze.

MWILI HUANDIKA

Si mbali na sisi, kusini ya Oldupai, pako mahali paitwapo Laetoli. Hapo zamani sana, yapata miaka milioni tatu na nusu na zaidi, majivu ya volkano yalianguka, mvua ikanyesha, na viumbe wakapita juu yake. Majivu yakakauka na kuwa mawe. Mwaka 1978 kundi la Bibi Mary Leakey lilikuta hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Lakini palikuwa na nyayo nyingine pia. Zilikuwa za mnyama wa jamaa ya farasi na punda, mwenye vidole vitatu, ambaye sasa hayupo tena duniani. Wataalamu walipima nafasi kati ya ukwato na ukwato. Wakaweza kueleza mwendo wa wanyama wale, na wakaona kwamba mkubwa alikuwa pamoja na mdogo, huenda mama na mtoto wake.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Kama watu wanaweza kusoma mwendo wa mnyama aliyepita zamani hizo, je, sisi tutashindwa kumsoma punda aliye mbele ya macho yetu?

JINSI YA KUMSOMA PUNDA

Anza na masikio. Ni marefu, nayo ni rahisi kusoma kama herufi kubwa. Masikio yakielekea mbele, punda anaangalia kitu kwa makini. Moja likienda mbele na jingine nyuma, anasikiliza pande mbili: kilicho njiani na wewe uliye nyuma. Yakilala nyuma kabisa juu ya shingo, ana hasira au hofu. Yakilegea kando muda mrefu, amechoka au anaumwa, isipokuwa kama amepumzika kivulini.

Soma mkia. Mkia unaopepea taratibu hufukuza nzi. Mkia unaochapa kwa nguvu hueleza udhia. Mkia uliobanwa kati ya miguu ni hofu.

Soma mgongo. Nywele nyeupe mahali pa mzigo, juu ya ngozi ya kijivu, aghalabu ni maandishi ya kidonda cha zamani. Maana yake mzigo ulifungwa vibaya hapo. Ukimgusa mgongoni naye akadidimia chini au akakaza nyama, anakuambia, "Hapo panauma." Usimfunge mzigo siku hiyo.

Soma pia ukimya wake. Punda hufahamika kwa kuficha maumivu. Porini mnyama anayeonyesha udhaifu huchaguliwa na fisi. Kwa hiyo punda mgonjwa halii kama mbuzi. Husimama mbali na wenzake, huinamisha kichwa na kuacha malisho. Ukiona hivyo, usingoje aanguke. Mwite afisa mifugo.

Soma tena urafiki wake. Punda wawili waliozoeana husimama pamoja na kukunana shingo kwa meno. Ukiwatenganisha ghafla, mmoja anaweza kususa malisho. Ukitaka kumpeleka mmoja mahali pageni, mpeleke pamoja na mwenzake.

KWA NINI HUSIMAMA TUU

Hapa ndipo tunapomwonea zaidi. Punda amefika kwenye kijito au korongo dogo, amesimama. Mtoto anapiga, punda hasogei. Tunasema, "Huyu ni mkaidi."

Tumlinganishe na farasi. Farasi ni ndugu wa punda, kama punda milia tunaowaona mbugani. Huku kwetu farasi ni wachache. Upo ugonjwa wao unaoenezwa na visubi ambao huua farasi wengi, lakini punda na punda milia huustahimili. Farasi asili yake ni nchi za nyasi tambarare, kwenye makundi. Akiogopa, hukimbia kwanza na kufikiri baadaye. Punda ni mwenyeji wa Afrika yetu. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu wa Afrika walianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita. Wazazi wake wa porini waliishi katika nchi kavu yenye mawe na majabali. Mahali hapo anayekimbia ovyo huvunjika mguu. Basi punda akiogopa, hukaza miguu, husimama, hutazama na kufikiri.

Kwa hiyo kusimama kwake si ukaidi. Ni swali. Anauliza, "Je, hapa ni salama?" Wewe unajibu kwa fimbo. Fimbo inamwambia nini? Inamwambia kwamba kweli pana hatari, kwani pametokea maumivu papo hapo! Kesho atasimama mapema zaidi.

Tena swali lake laweza kuwa la maana kwako. Masikio yote mawili yakiwa mbele, kichwa kikiwa juu, macho yakitazama kichaka kimoja, mfundishe mtoto asimame naye na kutazama huko huko. Hapa petu fisi na simba si hadithi. Punda anaweza kuwa amesikia yale ambayo mtoto hajasikia.

PUNDA NAYE ANATUSOMA

Sasa nikueleze kisa kimoja cha kweli kutoka Ujerumani. Katika mji wa Berlin alikuwako mwalimu mstaafu, Wilhelm von Osten, aliyekuwa na farasi aitwaye Hans. Alimfundisha hesabu. Ukimwuliza tatu na mbili ni ngapi, Hans alipiga ukwato chini mara tano. Watu walimiminika kumtazama. Mwaka 1904 liliundwa jopo kuchunguza kama pana udanganyifu, lakini udanganyifu haukuonekana.

Ndipo mtaalamu mmoja, Oskar Pfungst, akachunguza kwa uangalifu zaidi, akatangaza aliyoyaona mwaka 1907. Hans alijibu sawa pale tu muulizaji alipokuwa anajua jibu, tena Hans akiweza kumwona. Muulizaji alipomaliza kuuliza, aliinamisha kichwa kidogo kutazama ukwato, naye Hans alianza kupiga. Idadi ilipotimia, muulizaji aliinua kichwa kidogo sana bila mwenyewe kujua. Hans aliona, akaacha. Hakujua hesabu hata kidogo. Alijua kumsoma mtu.

Kisa hiki kina fundisho kubwa. Jamaa ya farasi na punda hutusoma kuliko sisi tunavyowasoma. Ukimwendea punda ukiwa na hasira, mabega yakiwa juu na mkono umeshika fimbo, amekwisha kusoma kabla hujafika. Mgiriki mmoja, Xenophon, aliyeandika juu ya farasi karibu miaka 2,400 iliyopita, aliwaonya watu wasimshughulikie farasi wakiwa na hasira. Onyo lile halijazeeka.

SEMA NAYE KWA MWILI

Kusema kwa mwili si jambo geni kwetu. Mtoto wa Kimaasai anapomsalimu mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa kichwani. Kabla ya maneno, heshima imekwisha semwa. Punda naye ana salamu yake. Yafuatayo yafaa kufuatwa:

1. Usitokee nyuma yake. Macho ya punda yako pande za kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote. Lakini haoni nyuma ya mkia wala mbele kabisa ya paji la uso. Mwendee ubavuni, kwa upande wa bega, ukisema naye polepole ili ajue uko wapi.

2. Usimkazie macho. Kumtazama moja kwa moja huku umesimama wima ni kumsukuma. Geuza bega kidogo, legeza mikono, vuta pumzi taratibu.

3. Mwache akunuse. Toa mkono chini, kiganja wazi. Akikunusa na kulegeza shingo, amekupokea. Akigeuza kichwa, ngoja.

4. Mkune penye mwanzo wa mgongo, chini ya shingo. Hapo ndipo punda hukunana wao kwa wao. Watafiti wameona kwamba farasi akikunwa mahali hapo mapigo ya moyo wake hupungua. Usianze na paji la uso wala masikio.

5. Ukitaka aende, kaa karibu na bega lake, kidogo nyuma, na uelekee mbele. Ukitaka asimame, songa mbele ya bega lake. Mahali unaposimama ndipo palipo na amri yako.

6. Akitii, legeza kamba mara moja. Kulegeza ndiyo asante anayoielewa. Ukiendelea kuvuta hata baada ya yeye kutii, atajuaje kwamba ametenda vizuri?

7. Akisimama kwa hofu, simama naye. Mwache atazame na kunusa. Kisha tangulia wewe, au mtangulize punda mzoefu. Akimwona mwenzake amevuka, aghalabu hufuata.

Na kabla ya yote hayo, pakia kwa haki. Mzigo usizidi karibu theluthi ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wa kilo 150 abebe kilo 50, si zaidi. Pande mbili zilingane. Weka blanketi au ngozi laini chini ya kamba. Ukimlemea, hakuna salamu itakayomfurahisha.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Mama mmoja wa darasa la kisomo alisema, "Mwalimu, maji yako mbali na jua linachoma. Nitapata wapi nafasi ya kumbembeleza punda?" Swali hili ni la haki, wala si la kudharau.

Nami najibu hivi. Tazama asubuhi katika boma ambalo punda hupigwa. Wakiona kamba tu, wanatawanyika. Watoto wanawakimbiza mpaka jua limepanda. Kisha tazama boma ambalo punda huendewa kwa utaratibu. Mtoto mdogo anamshika shingo na kuondoka naye. Nani ameokoa muda? Tena hayo niliyoyaeleza hayataki muda wa pekee. Hufanywa wakati ule ule wa kufunga mzigo na kutembea.

Wengine husema, "Punda asipopigwa atanidharau." Hapana. Uimara si ukali. Shika kamba, simama imara, usimwachie, usimpigie kelele, ngoja. Akijua husogei na wala humuumizi, atasogea yeye. Punda anayeogopa fimbo hutii fimbo ikiwapo. Punda anayekuamini atakufuata hata ukiwa mikono mitupu, hata usiku.

Isitoshe, nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza kumtesa mnyama. Lakini sipendi tumtendee punda vema kwa kuogopa sheria tu. Tumtendee vema kwa kuwa tunamhitaji, na kwa kuwa maumivu ni maumivu, yawe ya mtu au ya mnyama asiye na maneno.

TUFANYE NINI

Akina mama, ninyi ndio wenye ujuzi huu zaidi, kwa sababu mnatembea na punda kila siku. Wafundisheni watoto kwa vitendo. Mtoto akikuta masikio yamelala nyuma, aseme maana yake kabla ya kumgusa punda.

Akina baba, punda akifa, maji ya chai yenu yatachelewa. Basi mtajeni punda mkutanoni. Siku afisa mifugo anapokuja kutazama ng'ombe, punda nao waletwe wakaguliwe migongo, kwato na meno.

Vijana, wekeni fimbo chini kwa siku saba. Siku ya kwanza punda atashangaa. Msikate tamaa. Hata wewe msomaji hukusoma ukurasa mzima siku ya kwanza. Ulianza na herufi a.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Punda wa boma lako husema nini kwa masikio anapoona kamba asubuhi?
2. Taja dalili nne zinazotangulia teke la punda.
3. Punda ana kilo 120. Abebe kilo ngapi? Je, mnampakia kilo ngapi sasa?
4. Kwa nini punda husimama anapoogopa, na farasi hukimbia?
5. Katika kijiji chenu, ni nani humsemea punda mkutanoni? Nani angefaa kumsemea?